Anza na Mwili: Mwongozo kwa Mkristo Aliyepoteza Furaha

Mnyakyusa wa Tukuyu akikutana nawe asubuhi njiani, salamu yake ni "Mugonile", yaani anakuuliza kama mmelala. Haanzi na imani yako wala na mfuko wako. Anaanza na usingizi, kana kwamba anajua kuwa mtu aliyekesha akigeukageuka kitandani hana habari nyingine njema ya kutoa. Nimeishi Mbeya miaka mingi, nimeimba kwaya na kutembelea wagonjwa wa mtaa wetu, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuona kwamba salamu hiyo ina teolojia nzuri kuliko baadhi ya mahubiri niliyoyasikia kuhusu furaha.

Mwongozo huu ni wa Mkristo anayesali, anayekwenda ibadani na kutoa sadaka, lakini furaha imemtoka, akabaki akitimiza mambo ya Mungu kama mtu anayelipa deni la dukani. Mtu wa namna hiyo akieleza hali yake, kwa kawaida huambiwa aongeze: aongeze maombi, aongeze mikesha, aongeze kufunga. Mimi namshauri aanze kwingine. Aanze na mwili wake, si kwa sababu mwili ni mkubwa kuliko roho, bali kwa sababu huko ndiko Mungu mwenyewe alikoanza alipomkuta mtumishi wake amevunjika.

Kwanza, nyoosha fikira zako kuhusu mwili

Wengi wetu tumekua tukiamini, bila kufundishwa waziwazi, kwamba mwili ni gunia tu la kubebea roho, na kwamba siku gunia likichanika roho itashukuru kuondokana nalo. Sehemu ya kosa hili inatokana na lugha. Katika Kigiriki alichoandikia Paulo yapo maneno mawili tofauti: moja ni la kiwiliwili chenyewe, chenye mikono na tumbo, na la pili mara nyingi husimama kwa ajili ya ubinadamu ulioasi na kujitegemea wenyewe. Biblia yetu ya Kiswahili huyatafsiri yote mawili kwa neno "mwili". Kwa hiyo mtu husoma katika Warumi sura ya 8 kwamba wale waufuatao mwili huyafikiri mambo ya mwili, akadhani anaonywa dhidi ya mifupa yake, ilhali katika 1 Wakorintho 6:19 mtume yuleyule anamwambia kwamba mwili wake ni hekalu la Roho Mtakatifu. Ukitaka kujihakikishia, fungua Wagalatia 5 uhesabu yale yanayoitwa matendo ya mwili: humo mna uadui, wivu, hasira na fitina, mambo ambayo hata mtu aliyepooza kitandani anaweza kuyatenda kikamilifu.

Kanisa lilipigana vita hivi mapema sana. Katika karne ya pili walikuwapo waalimu waliosema kwamba Kristo hakuwa na mwili wa kweli, kwa kuwa Mungu hawezi kujichafua na nyama na damu, na Kanisa likawakataa. Ndiyo maana hadi leo, mtu awe Mkatoliki wa Tosamaganga, Mlutheri wa Kidugala au Mmoravian wa Rungwe, anapokiri Imani ya Mitume hukiri ufufuko wa mwili. Kitu ambacho Mungu ana mpango wa kukifufua hakiwezi kuwa gunia la kutupwa.

Kuna jambo moja ambalo Kiswahili kinalieleza vizuri. Tunasema mwili umenyong'onyea, na tunasema mtu amenyong'onyea kwa huzuni. Tunasema chai imenichangamsha, na Mithali 17:22 inasema moyo uliochangamka ni dawa nzuri. Lugha yetu haikuwahi kutenganisha mambo hayo mawili kwa ukuta. Sisi wasemaji ndio tunaoujenga ukuta huo tukifika kanisani.

Lala, kisha ule, ndipo uulizwe maswali

Isome polepole habari ya Eliya katika 1 Wafalme 19. Ametoka Karmeli akiwa ameshinda, kisha anatishwa na Yezebeli, anakimbia mpaka Beer-sheba, anakwenda mwendo wa siku moja jangwani, anakaa chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika anapofika hamkemei kwa kukosa imani na wala hamfanyii maombi marefu. Anamgusa, anamwambia aamke ale, na kichwani pake upo mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena, anaamshwa mara ya pili na kulishwa tena kwa sababu safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", linakuja baadaye sana, baada ya siku arobaini za mwendo, pangoni Horebu. Mpangilio huo ni wa makusudi: mguso, mkate, maji, usingizi, safari, ndipo mazungumzo.

Mimi niliujifunza mpangilio huo kwa kuukosea. Mwaka mmoja tulizika mara mbili nyumbani kwetu ndani ya miezi michache, na baada ya wageni wa matanga kuondoka nikajikuta siwezi kuomba. Maneno yalitoka lakini yalikuwa makavu kama maganda ya mahindi. Mhubiri mmoja aliyekuwa akipita mtaani akaniambia nina roho ya huzuni na akanipangia mikesha mitatu mfululizo. Ilikuwa Juni, na mtu anayeijua Mbeya anaijua baridi ya Juni. Usiku wa pili nililala nikiwa nimeketi kwenye benchi, nikaamshwa kwa kukaripiwa mbele ya watu. Asubuhi yake shangazi yangu akaja kutoka Igawilo bila kuitwa na mtu. Hakuhubiri. Aliwasha jiko la mkaa nje mpaka moshi ukaisha, akanipikia uji wa ulezi mzito wenye maziwa, akanisimamia nikamaliza bakuli, kisha akafunga pazia na kuniwekea blanketi la pili. "Lala, mwanangu," akasema, "Mungu hatakukimbia ukiwa umelala." Nilizinduka jua limeshaanza kuelekea magharibi, nikasikia harufu ya maharage yakiungwa na mtoto wa jirani akiimba wimbo wa shule akikosea maneno, nikatabasamu. Huzuni ilikuwa bado ipo. Lakini palikuwa pamepatikana nafasi pembeni yake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya vitendo ni hii: kwa wiki mbili, kabla hujajiwekea mzigo wowote mpya wa kiroho, rudisha usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kwa usiku. Iache simu chumba kingine au ndani ya kabati. Sali kwa ufupi na ulale, na usijihukumu kwa ufupi huo, maana hata Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 ambayo watoto wa kipaimara huku Njombe na Iringa huikariri, baada ya kutoa sala ya jioni anaelekeza kwamba mtu alale mara moja na kwa furaha. Zaburi ya 4 inamaliza vivyo hivyo, kwa mtu anayejilaza katika amani na kupata usingizi mara. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kuzipata saa hizo kwa mkupuo. Yeye anahitaji mtu wa kumshikia mtoto mchana, na hiyo ni huduma ambayo umoja wa wanawake wa mtaa unaweza kuipanga kama unavyopanga zamu za kufagia kanisa.

Halafu oga. Nasema hivi bila mzaha. Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13 ambaye hakuna anayemdhania kuwa mtu wa mambo mepesi, alipoandika kuhusu tiba za huzuni alitaja machozi, huruma ya marafiki, kuitafakari kweli, na pamoja na hayo akataja usingizi na kuoga. Katika nyanda zetu za juu ndoo ya maji ya moto jioni ya Julai ni rehema ambayo mtu wa Dar es Salaam hawezi kuielewa; ikupatie dakika 10 za kushukuru kwa ngozi yako yote.

Kuhusu chakula sina mengi. Kula kwa wakati, keti unapokula, na baraka ya chakula isiwe fomula ya kukimbiza. Tunaishi katika nchi ya ndizi, viazi mviringo, maharage, mchele wa Kyela na parachichi zinazooza chini ya miti kwa wingi. Tatizo la wengi wetu wenye kipato si kukosa chakula bali kula tukiwa tumesimama.

Pumzi

Mwanzo 2:7 inasema Mungu alimfanya mtu kwa mavumbi ya ardhi, akampulizia puani pumzi ya uhai, mtu akawa nafsi hai. Tazama tena hazina ya lugha yetu: pumzi, kupumua, kupumzika, pumziko. Yesu anapowaita wote wanaosumbuka na kulemewa na mizigo, anaahidi kuwapumzisha, na msikilizaji wa Kiswahili anaisikia pumzi ndani ya ahadi hiyo hata asipoambiwa.

Zoezi lenyewe ni jepesi, na linafaa lifanyike kila siku saa ileile, hasa kabla nyumba haijaamka. Keti kwenye kigoda au ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikigusa chini, mgongo umenyooka lakini haujakakamaa. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4 moyoni, uiachie polepole ukihesabu hadi 6. Utoaji pumzi uwe mrefu kuliko uvutaji, kwa sababu pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mwendo wa mapigo ya moyo na kuuambia mwili kwamba hatari imepita. Ukishazoea, ondoa hesabu na uweke neno: unapovuta, "Bwana ndiye mchungaji wangu", unapoachia, "sitapungukiwa na kitu". Dakika 5 zinatosha. Mawazo yakikimbilia ada ya shule au bei ya mbolea, usiyafokee, rudi tu kwenye mstari. Kizunguzungu kikija, umelazimisha; acha, pumua kawaida.

Wapo watakaosema kwamba hii ni desturi ya dini za mbali. Wamonaki wa jangwa la Misri walikuwa wakirudiarudia mstari mmoja wa zaburi mchana kutwa, mikono ikisuka mikeka, tangu karne ya nne, na Misri ni Afrika. Wasiwasi huo nauheshimu, lakini sioni sababu ya kuwaachia wengine pumzi ambayo Mungu aliipuliza mwenyewe.

Sauti na miguu

Yakobo 5:13 inatoa maagizo mawili mafupi: aliyepatikana na mabaya na aombe, mwenye moyo wa kuchangamka na aimbe zaburi. Uzoefu wa kwaya umenifundisha kwamba mlango huo hufunguka pande zote mbili, yaani wapo wanaoimba kwa sababu wamechangamka na wapo wanaochangamka kwa sababu wameimba. Wimbo humlazimisha mtu avute hewa mpaka tumboni na kuiachia kwa urefu wa mstari, na wanaoimba pamoja hujikuta wakipumua pamoja. Sauti ya besi ikiingia chini yako, unaisikia kifuani kabla hujaisikia masikioni. Mtu aliyekauka anaweza kuazima furaha ya benchi zima kwa dakika tatu, na kuazima si unafiki. Unafiki ni kudai kwamba ni yako.

Namna ya kuanza: chagua nyimbo mbili unazozijua kwa moyo, moja ya sifa na moja ya maombolezo, uimbe kwa sauti, si kwa kunong'ona, unapochota maji au kudeki. Ukiwa na kwaya karibu, jiunge hata kama sauti yako si nzuri. Mwalimu wa kwaya mwenye hekima anajua pa kukuweka.

Mwili wote uingie. Daudi alicheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote, kama 2 Samweli 6:14 inavyosema, na mkewe Mikali akamdharau moyoni. Kila usharika una Mikali wake, na kuna makanisa yetu ya zamani huku nyandani ambako kupiga makofi tu kulileta mabishano ya miaka. Sishauri mtu aanzishe vita vya kucheza ibadani. Inua mikono chumbani kwako. Piga magoti kama magoti yanaruhusu; sujudu kama yanaruhusu zaidi. Utashangaa jinsi maneno ya toba yanavyobadilika uzito paji la uso linapogusa sakafu ya baridi.

Kisha tembea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mkulima wa Umalila anayepanda na kushuka na jembe begani anazimaliza kabla ya Jumatano. Hatua hii hasa ni ya sisi tunaokaa kaunta za maduka ya Mwanjelwa, ofisini, au kwenye usukani wa bajaji. Mkazi wa Mbeya ana vilima vya Loleza juu ya mji; wa Iringa ana jiwe la Gangilonga; na mwenye nauli ya kufika Kitulo wakati wa mvua ataiona nyanda ile, ambayo watu waliiita Bustani ya Mungu kabla haijatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ikiwa imefunikwa maua. Usipige picha kwa dakika 10 za mwanzo. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona na umshukuru Mungu kwa kila kimoja kwa jina lake.

Usiyaruke machozi

Hapa ndipo watu wengi wema hukosea. Wanaposikia "Furahini katika Bwana siku zote" wanadhani wameamriwa kutabasamu, wakamkataza mfiwa kulia. Paulo aliandika maneno hayo akiwa kifungoni, na barua hiyohiyo inataja machozi yake. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro hali akijua atakalolifanya baada ya dakika chache. Machozi ni kazi ya mwili inayofanyika kwa niaba ya roho, na ukiizuia, haipotei bali huhamia shingoni, tumboni, kwenye usingizi. Zaburi ya 32 inaeleza habari hiyo kwa mtu aliyenyamazia dhambi yake mpaka mifupa ikachakaa.

Kwa hiyo tenga muda wa kulia kama unavyotenga muda wa kusali. Soma zaburi moja ya malalamiko kwa sauti, ya 13 au ya 42, na ukifika mstari unaokuchoma, ishia hapo ukae nao. Kama kinachokaa kifuani ni kosa au kinyongo, tafuta mtu wa kukusikiliza: padri katika kitubio, mchungaji, au mzee wa kanisa anayejua kufunga mdomo, sifa ambayo ni adimu kuliko elimu. Wazee wetu wa vijijini walikuwa na hekima yao katika hili. Msibani, wanawake hulia kwa sauti, hunyamaza, hupika, hulia tena, na hakuna anayeona kuwa kulia na kupika ni kazi za siku tofauti.

Meza, na sahani ya asiyewekewa kitu

Maneno "furaha ya Bwana ni nguvu zenu" yameandikwa kwenye kanga, kwenye mabasi na kwenye kuta za saluni, lakini ni wachache wanaokumbuka sentensi inayoyatangulia. Katika Nehemia 8 watu wanalia baada ya kusikia Torati ikisomwa na kufafanuliwa, nao wanaambiwa waende zao, wale kilichonona, wanywe kilicho kitamu, na wampelekee sehemu yeye asiyewekewa kitu. Ndipo yanafuata maneno ya furaha. Yaani nguvu inayosemwa pale imepita jikoni, na imepita mlangoni kwa jirani.

Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na desturi ya karamu ya upendo, iliyozaliwa Herrnhut huko Ujerumani mwaka 1727: waumini huketi pamoja, huimba, na kugawana chakula chepesi na kinywaji. Nani hajaona jinsi uso wa mzee anayeishi peke yake unavyobadilika anapopewa kikombe cha moto mkononi? Nacho Chakula cha Bwana, kwa madhehebu yote, huingia kwa njia ya mdomo. Kristo angeweza kutuachia wazo la kutafakari, akatuachia kitu cha kutafuna.

Fanya hivi mara moja kwa wiki: pika kama kawaida, na kabla hujapakua kwa ajili ya nyumba, pakua sahani moja, ifunike, umpelekee mtu mmoja. Usitume mtoto. Nenda mwenyewe, keti, ule naye hata matonge mawili. Furaha iliyogoma kuja chumbani wakati wa maombi ya peke yako ina tabia ya kukuta umeketi kwenye mkeka wa mtu mwingine.

Kuhusu kufunga na kuhusu dawa

Sipingi kufunga, nakataa kufunga kwa kuuadhibu mwili. Yesu alipofundisha juu ya kufunga aliagiza mtu ajipake mafuta kichwani na kunawa uso, agizo ambalo kwa kweli ni la kuutunza mwili siku ileile unaponyimwa chakula. Anayefunga alale vya kutosha, anywe maji, na chakula alichokiacha akipeleke kwa mwenye njaa, kama Isaya 58 inavyotaka. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo na anayetumia dawa za kila siku wasifunge chakula bila kuzungumza na mganga wa kituo cha afya. Wafunge kitu kingine, simu kwa mfano, na wataona ni mfungo mgumu zaidi.

Nalisema lingine wazi kwa sababu katika mikoa yetu, Njombe hasa, kiwango cha maambukizi ya Virusi vya Ukimwi ni cha juu kuliko sehemu nyingi za nchi. Asikuambie mtu kwamba kumeza dawa za kufubaza virusi ni kukosa imani. Meza kidonge chako na maji, sema asante, uendelee na wimbo. Nimewazika watu walioambiwa watupe dawa ili waonyeshe imani, na sijaona furaha kwenye mazishi hayo.

Vilevile, kama huzuni imedumu zaidi ya wiki mbili, kila siku, huku usingizi, hamu ya kula na nguvu za kazi vikiwa vimeharibika, au kama fikira za kujiua zimeanza kupita, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, na sonona hutibiwa. Fikira za kujiua zikiwapo, usisubiri wiki mbili wala siku mbili: mwambie mtu leo, akupeleke hospitali. Kwenda kwa daktari hapo ni kuufuata mkate wa malaika popote ulipowekwa.

Mwili usiopona

Limebaki swali ambalo msomaji mwenye maumivu ya kudumu amekuwa akiniuliza tangu mwanzo: kama furaha inapita mwilini, mimi niliyepooza, niliye na saratani, niliyezeeka, nimetengwa nayo? Paulo alikuwa na mwiba katika mwili, akaomba mara tatu uondolewe, haukuondolewa. Kristo mfufuka alitokea akiwa na alama za misumari. Mwili wenye kasoro haujafungiwa nje; unahitaji tu mikono ya wengine iufanyie yale ambayo mwenye afya hujifanyia mwenyewe. Na hapo mwongozo unageuka kuwa wako wewe mwenye afya.

Unapomtembelea mgonjwa, fika mikono ikiwa na joto. Isugue kwanza, hasa miezi ya Juni na Julai. Msalimu kwa lugha yake ya nyumbani kama unaijua. Omba kwa ufupi, ukiwa umemshika mkono, na imba wimbo anaouchagua yeye, kwa kasi anayoiweza yeye. Usimwambie atabasamu. Kisha, badala ya kuaga, omba ruhusa ya kumpaka mafuta miguuni, maana baridi ya huku hupasua visigino na mgonjwa hawezi kuifikia miguu yake mwenyewe.

Bibi mmoja wa Ipogolo, Iringa, alikuwa hajatoka kitandani kwa miaka miwili tulipoingia na mkebe wa mafuta ya mgando. Tulimwambia "Kamwene", akaitikia kwa shida, tukaomba, tukaimba beti mbili, akasikiliza akitazama dari. Nikaanza na mguu wa kushoto, taratibu, kisigino kikiwa kigumu na chenye mipasuko kama udongo wa kiangazi, kisha nikapitisha kidole gumba chini ya wayo. Mguu ukaruka. Bibi akaniangalia kwa hasira ya kuigiza, akaanza kucheka, kicheko kisichokuwa na meno hata moja, akacheka mpaka mkwe wake akakimbilia chumbani kutoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kumetokea nini, na bibi, alipopata pumzi ya kutosha, akasogeza mguu wa kulia kwangu akasema, "Bado huu."